Ada za Malipo na Faida ya Muuzaji Mdogo: Hesabu za Chupa ya Asali ya Singida

Mkoa wa Singida umejulikana kwa muda mrefu kwa mazao yanayosafiri mbali: asali ya misitu ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti, vitunguu, na kuku wa kienyeji. Msafiri apitaye barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea Mwanza huyaona mazao hayo yamepangwa kando ya njia, katika madumu, chupa na matenga. Katika miaka ya karibuni sehemu ya biashara hiyo imehama kutoka kando ya barabara na kuingia katika simu. Muuzaji huipiga picha asali yake, huionyesha kwa wateja walioko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, huagana nao bei, kisha huupakia mzigo katika basi.

Tofauti kubwa baina ya biashara hizi mbili haimo katika asali, bali katika fedha. Noti ya shilingi 10,000 itokayo dirishani mwa basi huingia nzima mkononi mwa muuzaji. Fedha zinazolipwa kwa simu au kwa kadi hupita katika mikono kadhaa, na kila mkono huchukua ujira wake. Ujira huo ndio uitwao ada, au katika lugha ya kila siku, makato.

Hutokea basi kwamba muuzaji aonaye fedha nyingi zikipita katika simu yake mwezi mzima hugundua mwishoni kuwa mtaji umepungua. Aghalabu husema ameibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Iko hesabu ambayo haikufanywa. Hesabu hiyo haihitaji zaidi ya aljebra ya kidato cha pili, na inafaa kufanywa darasani.

Njia ya fedha

Malipo ya kadi yana wahusika wanne mbali na mnunuzi: muuzaji, benki ya muuzaji, benki iliyompa mnunuzi kadi, na mtandao wa kadi unaoziunganisha benki hizo mbili, kama vile Visa au Mastercard. Mnunuzi anapoandika namba ya kadi yake, swali husafiri kutoka benki ya muuzaji, kupitia mtandao, hadi benki ya mnunuzi: je, fedha zipo, na kadi ni halali? Jibu hurudi kwa njia ile ile katika sekunde chache. Fedha zenyewe hufuata baadaye, zikiwa zimepungua. Benki ya mnunuzi hubakiza sehemu yake, mtandao hubakiza yake, na benki ya muuzaji hubakiza yake. Kwa kuwa muuzaji mdogo aghalabu hana mkataba wa moja kwa moja na benki, huongezeka mhusika wa tano, yaani kampuni ya kupokea malipo kwa niaba ya wauzaji wengi, nayo hudai ujira wake.

Mpango wa kumtoza muuzaji badala ya mnunuzi si mpya. Kadi ya Diners Club, iliyoanza mjini New York mwaka 1950, ilizitoza hoteli za chakula sehemu ya kila mauzo. Mwaka 1958 Bank of America ilisambaza kadi zake kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, na kutokana na mpango huo ukatokea mtandao ambao mwaka 1976 ulichukua jina la Visa. Tangu wakati huo mnunuzi ameizoea kadi kama kitu kisicho na gharama, kwa sababu gharama yake imo ndani ya bei ya bidhaa, mahali asipoiona.

Afrika Mashariki ilishika njia nyingine. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Huduma za kampuni nyingine za simu zikafuata. Hapa anayehisi gharama ni mtumaji anapotuma na mpokeaji anapokwenda kutoa fedha kwa wakala. Hapo awali kila kampuni ilikuwa kama kisiwa, na muuzaji alilazimika kuwa na laini mbili au tatu ili asipoteze wateja. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya hivyo. Baadaye ilikuja Lipa Namba, ambayo humwezesha mnunuzi kulipa katika akaunti ya biashara badala ya namba binafsi ya muuzaji.

Sehemu mbili za ada

Ada nyingi za malipo kwa kadi zina sehemu mbili. Moja haibadiliki hata mauzo yawe makubwa au madogo. Nyingine hukua pamoja na mauzo. Sehemu isiyobadilika iitwe a, kiwango cha asilimia kiitwe r, na thamani ya mauzo iitwe x. Ada yote, A, ni:

A = a + rx

Katika mifano ifuatayo itachukuliwa kwamba a ni shilingi 500 na r ni asilimia 3, yaani 0.03. Viwango hivi, pamoja na bei zitakazotumika, vimechaguliwa kwa ajili ya hesabu tu. Kila kampuni hutangaza viwango vyake, navyo hubadilika.

Grafu ya A ni mstari ulionyooka, usioanzia kwenye sifuri bali kwenye 500. Mwanafunzi akiishia hapo hataona tatizo. Hapana budi agawanye pande zote kwa x ili apate ada kama sehemu ya bei:

A ÷ x = r + a ÷ x

Sasa mstari umepinda. Thamani ya mauzo ikiwa kubwa, a ÷ x hukaribia sifuri na ada hukaribia asilimia 3 iliyotangazwa. Thamani ikiwa ndogo, mstari hupanda juu sana. Jedwali lifuatalo laonyesha hali hiyo.

Jedwali la 1: Ada kwa mauzo ya thamani mbalimbali (shilingi)

Mauzo 2,000 – ada 560 – asilimia 28.0
Mauzo 5,000 – ada 650 – asilimia 13.0
Mauzo 12,000 – ada 860 – asilimia 7.2
Mauzo 60,000 – ada 2,300 – asilimia 3.8
Mauzo 120,000 – ada 4,100 – asilimia 3.4
Mauzo 600,000 – ada 18,500 – asilimia 3.1

Wauzaji wote sita wameambiwa kwamba watatozwa “asilimia 3 na shilingi 500”, na hakuna aliyedanganywa. Hata hivyo yule wa kwanza anatozwa, kwa kila shilingi anayouza, mara tisa ya yule wa mwisho. Ndiyo maana ada hizi, ambazo kwa hoteli kubwa ya watalii ni jambo dogo, kwa muuzaji wa asali ya kipimo kidogo huwa jambo la kufa na kupona.

Ada ipimwe kwa faida

Jedwali hilo bado halijafika kwenye kiini. Ada hulinganishwa na bei kwa mazoea, lakini muuzaji haishi kwa bei. Huishi kwa kile kinachobaki baada ya kumlipa mfugaji nyuki, kununua chupa na lakiri, na kulipia usafiri wa asali kutoka kijijini. Kinachobaki huitwa faida ghafi, na ada hutoka humo.

Chukuliwe muuzaji wa asali mjini Singida ambaye chupa yake huuzwa shilingi 12,000, na gharama zake zote kabla ya ada ni shilingi 9,600. Faida ghafi ni shilingi 2,400, yaani asilimia 20 ya bei. Mteja mmoja akinunua chupa moja kwa kadi, ada ni shilingi 860. Kwa bei, hiyo ni asilimia 7.2. Kwa faida, ni asilimia 35.8: zaidi ya theluthi moja ya jasho la muuzaji imebaki njiani.

Mteja huyo huyo akinunua chupa kumi kwa malipo mamoja, ada ni shilingi 4,100 na faida ghafi ni shilingi 24,000. Sehemu iliyoliwa ni asilimia 17.1. Asali ni ile ile, kadi ni ile ile, ila mzigo wa ada umepungua kwa zaidi ya nusu. Muuzaji anayewashawishi majirani watatu wa Dar es Salaam waagize pamoja na kulipa mara moja amejipatia fedha ambazo hakuna mnunuzi aliyezipoteza.

Sasa aangaliwe jirani yake auzaye mafuta ya alizeti. Ushindani katika mafuta ni mkali na faida yake ni nyembamba. Tuseme dumu la lita 5 huuzwa shilingi 30,000, na gharama zake ni shilingi 28,200. Faida ghafi ni shilingi 1,800, yaani asilimia 6. Ada ya dumu moja ni shilingi 1,400. Muuzaji hubaki na shilingi 400. Akiuza madumu kumi kwa malipo mamoja, ada ni shilingi 9,500 kati ya faida ya shilingi 18,000. Bado zaidi ya nusu imekwenda.

Kwa nini dawa iliyomponya muuzaji wa asali haikumponya muuzaji wa mafuta? Jibu limo katika kanuni. Faida ghafi ikiwa sehemu m ya bei, basi sehemu ya faida iliyochukuliwa na ada ni:

r ÷ m + a ÷ (mx)

Sehemu ya pili hupungua x inapokua. Ndiyo inayotibiwa kwa kukusanya maagizo. Sehemu ya kwanza haina x ndani yake. Kwa asali ni 0.03 ÷ 0.20, yaani asilimia 15. Kwa mafuta ni 0.03 ÷ 0.06, yaani asilimia 50, na hata akiuza shehena ya lori zima haitashuka chini ya hapo. Muuzaji wa mafuta hana budi kupandisha bei, kupunguza gharama, au kutafuta njia ya malipo yenye r ndogo. Kuuza zaidi kwa njia ile ile hakutamsaidia sana.

Kanuni hiyo hiyo huonyesha mahali ambapo biashara huwa hasara tupu. Kwa m ya asilimia 20, faida na ada hulingana 0.20x inapokuwa sawa na 500 + 0.03x, yaani x ikiwa kama shilingi 2,941. Kichupa cha asali cha shilingi 2,500 kikiuzwa kwa kadi peke yake, faida yake ya shilingi 500 haitoshi kulipa ada ya shilingi 575. Muuzaji huyo humlipa mteja shilingi 75 ili akubali kuchukua asali.

“Ya kutolea”, na kosa la kujumlisha

Watanzania wamekuwa na desturi yao ya kugawana gharama ya malipo. Muuzaji humwambia mnunuzi: “Tuma na ya kutolea.” Maana yake, mnunuzi aongeze juu ya bei kiasi cha ada ambayo muuzaji atatozwa na wakala wakati wa kutoa fedha. Ikiwa bei ni shilingi 19,500 na makato ya kutoa kiasi hicho ni shilingi 600, mnunuzi hutuma shilingi 20,100, na muuzaji hutoka kwa wakala na shilingi 19,500 kamili. Hesabu hii ni ya kujumlisha, nayo ni sahihi, kwa sababu ada ya kutoa huhesabiwa juu ya kiasi kinachotolewa.

Muuzaji aliyezoea hesabu hiyo huipeleka katika kadi, na hapo hukosea. Ada ya kadi haihesabiwi juu ya kile anachopokea muuzaji, bali juu ya kile alicholipa mnunuzi. Tuseme muuzaji wa asali anataka kubaki na shilingi 12,000 kamili. Anaona kwamba ada ya shilingi 12,000 ni 860, anaziongeza, na kuandika bei ya shilingi 12,860. Lakini ada ya shilingi 12,860 si 860 tena. Ni karibu 886. Anapata shilingi 11,974. Nyongeza yenyewe imetozwa ada.

Njia iliyo sahihi ni kuanza na kile kinachotakiwa kubaki, N, na kutafuta x:

x − (500 + 0.03x) = N, hivyo x = (N + 500) ÷ 0.97

Kwa N ya 12,000, x ni kama shilingi 12,887. Upungufu wa shilingi 26 kwa chupa waweza kudharauliwa. Lakini pale muuzaji anapouza kupitia wakala wa mauzo achukuaye asilimia 15, kosa hilo hilo hukua haraka. Akiongeza asilimia 15 juu ya 12,000 hupata 13,800; wakala hukata 2,070; hubaki shilingi 11,730. Alipaswa kugawanya 12,000 kwa 0.85 na kuandika bei ya karibu shilingi 14,118. Walimu wa hisabati watatambua hapa kosa la zamani la wanafunzi, la kudhani kwamba kuongeza asilimia fulani na kisha kupunguza asilimia ile ile humrudisha mtu alikoanzia.

Makato yanayopanda kwa ngazi

Ada za kutoa fedha kwa wakala hazifuati mstari ulionyooka. Hupanda kwa ngazi: kiasi chochote ndani ya ngazi moja hutozwa sawa, kisha ada huruka ghafla mwanzoni mwa ngazi inayofuata. Tuseme kutoa kati ya shilingi 10,000 na 19,999 ni shilingi 600, na kati ya 50,000 na 99,999 ni shilingi 1,600. Muuzaji atoaye shilingi 15,000 kila jioni kwa siku sita hulipa shilingi 3,600. Angesubiri na kutoa shilingi 90,000 mara moja angelipa 1,600. Tofauti ya shilingi 2,000 inakaribia faida ghafi ya chupa moja ya asali. Naye asiyetoa kabisa, akamlipa mfugaji nyuki na mwenye chupa kwa simu, hulipa ada ya kutuma tu. Mradi wale wanaolipwa nao wasilazimike kutembea kilomita nyingi kumtafuta wakala mwenye fedha za kutosha, jambo ambalo vijijini si la nadra.

Jinsi watu wanavyohisi ngazi hizi ilidhihirika mwaka 2021. Kuanzia tarehe 15 Julai mwaka huo, serikali iliweka tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni. Idadi ya miamala ilishuka, na wengi wakarudi kwenye fedha taslimu. Mwezi Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma ikaondolewa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alikuwa pia Mbunge wa Iramba Magharibi, mkoani Singida.

Hasara isiyoandikwa katika orodha ya ada

Mwenye kadi ana haki ya kulalamika kwa benki yake kwamba hakununua kitu, au kwamba mzigo haukumfikia. Kwa kanuni za mitandao mikubwa muda wa kulalamika kwa madai mengi hufika siku 120. Malalamiko yakikubaliwa, fedha hurudishwa kwa mwenye kadi kutoka kwa muuzaji, ambaye asali yake huenda imekwishaliwa. Haki hii ni ya lazima, kwani kadi huibwa. Lakini muuzaji lazima aiingize katika hesabu zake.

Baada ya ada, chupa moja iliyouzwa kwa kadi humwachia muuzaji wa asali shilingi 1,540. Akipoteza chupa moja yenye gharama ya shilingi 9,600, anahitaji kuuza chupa 7 nyingine ili afidie. Muuzaji wa mafuta, abakiwaye na shilingi 400, anahitaji kuuza madumu 71. Kwa hiyo stakabadhi ya basi iliyotiwa tarehe na jina la mpokeaji si karatasi ya kutupwa. Vile vile, malipo yaliyothibitishwa kwa namba ya siri ya mara moja, inayotumwa katika simu ya mwenye kadi, yana usalama zaidi, kwani kwa kawaida hasara ya wizi wa kadi huhamia kwa benki iliyoitoa.

Malipo ya simu nayo yana hila zake. Iliyo ya kawaida ni ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni, ukidai kwamba fedha zimeingia. Muuzaji asiupakie mzigo kwa kuusoma ujumbe, aangalie salio.

Nani alipe?

Mataifa hayakubaliani katika jambo hili. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2015, uliweka kikomo cha sehemu inayochukuliwa na benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za akiba na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. India ilifuta ada ya muuzaji katika mfumo wake wa malipo ya simu, UPI, kuanzia Januari 2020, na baadaye serikali ikatoa ruzuku kwa mabenki ili mitambo iendelee kufanya kazi. Ada imeondoka dukani na kuhamia katika kodi. Hapa nchini, Benki Kuu ya Tanzania imejenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, uitwao kwa kifupi TIPS, ambamo benki na kampuni za simu hukutana mahali pamoja badala ya kila moja kufunga mkataba na nyenzake. Mikataba ikipungua, gharama ya kila muamala yaweza kupungua. Kama upungufu huo utamfikia muuzaji wa asali au utaishia njiani, inategemea namna viwango vitakavyopangwa.

Mazoezi

1. Muuzaji wa vitunguu huuza gunia moja kwa shilingi 150,000, na faida yake ghafi ni asilimia 8. Kwa ada ya shilingi 500 na asilimia 3, ni sehemu gani ya faida yake inayoliwa na ada? Malipo yawe ya thamani gani ili sehemu hiyo iwe asilimia 40?

2. Kampuni ya pili haitozi ada isiyobadilika, lakini hutoza asilimia 4.5. Chora mistari ya ada za kampuni zote mbili katika grafu moja, na utafute thamani ya x ambapo hulingana. Muuzaji wa asali na muuzaji wa mafuta, kila mmoja akiuza chupa au dumu moja kwa kila mteja, wachague kampuni ipi?

3. Nakili orodha ya makato ya kutoa fedha iliyobandikwa kwa wakala aliye karibu na shule, na uichore kama grafu ya ngazi. Onyesha ni ngazi ipi yenye makato makubwa kuliko zote kwa asilimia mwanzoni mwake, na kueleza ni nani kijijini hutoa fedha za kiasi hicho mara nyingi.